Fundi wa Biblia wa Kibuye afumua jalada la babu yake

Saa tatu asubuhi, Jumatatu, na tayari Biblia saba zimelala kifudifudi kwenye meza ya Benta Akello katika soko la Kibuye, mjini Kisumu. Anaokota ya kwanza, anaishika mgongo na kuitikisa kidogo. Kurasa zinamwagika mapajani mwake.

"Zaburi," anasema, hata kabla ya kusoma. "Hii imekatikia Zaburi. Mwenyewe ana shida nyumbani."

Mwandishi anacheka. Benta hacheki. Miaka ishirini na mitatu ya kushona vitabu imemfundisha kwamba Biblia hukatika pale mwenyewe anapokaa sana. Wagonjwa na wenye ndoa mbaya huleta iliyokatikia Zaburi. Wachungaji nao huleta jalada lililong'oka, maana huipiga Biblia makofi wakihubiri.

"Mchungaji akipandwa na moto, mimi nakula," anasema, na sasa anacheka mpaka sindano inamponyoka. "Jumapili inavunja, Jumatatu nashona. Mungu si Athumani."

Kushona Biblia moja ni shilingi mia tatu, na jalada jipya ni mia tano. Wiki ya mvua haimletei hata elfu moja na nusu. Kwa kazi hiyo, mama huyu wa miaka 46 amesomesha watoto wawili, analipa nyumba Manyatta, na anamtunza baba yake, Mzee Gordon Okoth, aliyetimiza miaka 81.

Lakini Jumatatu hii hakuna anayekuja kuangalia Biblia. Pembeni mwa meza kuna kitu kimefunikwa kwa leso safi, na kila anayesogea anaulizwa kwanza, "Umeosha mikono?" Asiyeosha anafukuzwa. Hata askari wa kaunti aliyekuja kukusanya ushuru ameambiwa arudi bombani.

Chini ya leso kuna karatasi za rangi ya chai ya maziwa, zimekatwa vipande vya ukubwa wa kiganja, nyingine zimetobolewa na mchwa. Benta anaziunganisha moja moja kwa gundi ya unga wa muhogo. Kwa karatasi hizo, familia iliyoishi zaidi ya miaka mia bila kujua ilikotoka sasa inajua.

"Tangu azipate haongei, anaimba tu," analalamika Milka, muuza mapazia wa meza ya jirani. "Na sauti yenyewe mmesikia. Wateja wangu wanakimbia."

Ili kuelewa kelele hizi zote, ni lazima kuanza na mtu aliyeitwa Wuod Padri, yaani mwana wa Padri.

Hilo silo jina alilobatizwa. Alibatizwa Zakaria, mwaka 1919, katika Misheni ya Nyakongo, ufuoni upande wa Seme. Alikuwa mtoto mchanga aliyelelewa na masista, hana baba, hana mama, hana ndugu. Watoto wenzake walipomwita Wuod Padri walikuwa wanamtania tu, lakini jina likamganda. Likahamia kwa mwanawe Gordon, kisha kwa wajukuu. Hata leo ukifika Nyakongo na kuuliza kwa Mzee Gordon, utaonyeshwa "kwa Padri."

"Watu wanadhani ni mzaha," anasema Mzee Gordon. "Sisi Wajaluo, ukikutana na mtu swali la kwanza ni, wewe ni wa wapi? Baba yako ni nani na babu yako ni nani? Mimi nikiulizwa nilikuwa nakohoa. Miaka themanini nakohoa!"

Shida haikuwa ya maneno tu. Kwao mtoto hupewa jina la jamaa aliyetangulia, ili jina lisipotee. Zakaria hakuwa na jamaa wa kumpa mtoto jina lake. Mwanawe alizaliwa mvua ikinyesha, akaitwa Okoth, mtoto wa mvua. Basi. Benta alizaliwa baada ya mapacha, akaitwa Akello. Familia nzima ina majina ya hali ya hewa na ya mpangilio wa kuzaliwa, na hakuna hata moja lililotoka kwa mtu.

Zakaria alijifunza kujalidi vitabu pale misheni akiwa kijana wa miaka kumi na mitano. Alimfundisha Gordon, naye Gordon akamfundisha Benta. Na kwa kuwa Zakaria alikuwa anatumia mkono wa kushoto, mishono yake ililalia upande usio wa kawaida. Gordon na Benta wote wanatumia mkono wa kulia, lakini walifundishwa hivyo na hawajui kushona vingine.

"Mafundi wengine wananiambia nashona kinyumenyume," anasema Benta. "Nawaambia ndiyo, ni urithi. Wengine wamerithi mashamba, mimi nimerithi kinyume."

Zakaria alifariki mwaka 1991 na kuzikwa Nyakongo, bila kujua alizaliwa na nani. Aliwahi kuuliza mapadri watatu kwa nyakati tofauti. Wote walimwambia aombe.

Miaka sita iliyopita, Mzee Gordon aliambiwa na daktari kwamba ana presha ya macho, na kwamba jicho la kushoto halitarudi. La kulia nalo linaendelea kufifia. Siku hiyo, wakitoka hospitalini, alimwambia binti yake neno ambalo Benta anasema lilimchoma kuliko habari yenyewe ya macho.

"Aliniambia, 'Benta, sitaki mali. Nataka tu nimwone mtu mmoja wa upande wa baba yangu. Mtu mmoja, uso wake, kabla giza halijaingia.' Nikamwambia, Baba, nitamtafuta. Nilisema tu! Sikujua hata pa kuanzia."

Alianzia kwenye daftari la ubatizo. Padri wa wakati huo alimruhusu kulitazama kwa dakika kumi. Jina la Zakaria lilikuwapo. Kwenye safu ya baba palikuwa na mstari, na kwenye safu ya mama palikuwa na mstari mwingine. Lakini pembeni mwa ukurasa, kwa mwandiko mdogo wa Kiingereza, mtu alikuwa ameandika: tazama kitabu cha zahanati, namba 47.

"Moyo ulipiga!" anasema Benta. "Nikasema leo leo nimemaliza."

Kumbe alikuwa hajaanza. Kitabu cha zahanati hakikuwapo. Katekista alisema kililiwa na mchwa. Sista mmoja mzee alisema kilipelekwa Ulaya. Benta alikitafuta kwenye kabati za misheni, kwenye hospitali iliyochukua nafasi ya zahanati, na kwenye ofisi za serikali Kisumu. Mara mbili alipanda basi la usiku hadi Nairobi kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa, akapekua orodha za kodi ya kibanda za miaka ile mpaka macho yakamtoka maji. Alipata majina maelfu ya wanaume waliolipa kodi. Lakini utamtafutaje mtu ambaye hujui hata jina lake?

"Mume wa dada yangu aliniambia niache, eti natafuta kivuli," anasema. "Nikamjibu mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata. Lakini kusema ukweli, nilikuwa nimechoka na sijapata."

Mwaka huu mambo yaligeuka. Padri mpya wa Nyakongo, Hiram Muchiri, mzaliwa wa Nyeri, alitaka madaftari ya zamani yapigwe picha na kuhifadhiwa kwenye kompyuta. Mpiga picha alikataa kuyagusa, maana kurasa zilikuwa zinadondoka. Ikabidi kwanza yashonwe. Padri Muchiri alipouliza fundi, alitajiwa Benta.

"Nilimpa madaftari kumi na moja, naye akataka bei nusu na ruhusa ya kusoma kila ukurasa," anakumbuka Padri huyo akitabasamu. "Andika vizuri kwenye gazeti. Andika kwamba Mnyeri ndiye aliyefungua kabati!"

Benta aliweka meza kwenye veranda ya misheni. Alipofungua daftari la kwanza, akaona mishono. Ililalia kushoto.

Hakuhitaji kuuliza. Babu yake ndiye aliyeyajalidi madaftari haya, alipokuwa kijana. Benta anasema alipitisha kidole juu ya uzi. Kisha akafanya kazi, kwa sababu alikuwa amekwenda kufanya kazi.

Na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mpaka leo likitajwa anajifunika uso kwa leso.

Jalada gumu la kitabu lina ubao ndani yake. Siku hizi ni kadibodi ya dukani. Jalada likizeeka na kuliwa na mchwa, fundi hulibandua, hulitupa, na kukata kadibodi mpya. Ndivyo kila fundi anavyofanya. Ndivyo Benta alivyofanya kwa daftari la kwanza, la pili na la tatu. Mbao sita za majalada zikaenda kwenye kapu la kuni la jikoni.

Siku ya tatu, kwenye daftari la nne, aliweka kikombe cha uji mezani. Akageuka kuchukua nta, kiwiko kikagonga kikombe, uji moto ukamwagikia ubao wa jalada.

"Nilitukana, Mungu anisamehe, na niko kwa veranda ya Padri. Nikachukua kitambaa nipanguse. Nikaona ule ubao unavimba, unafunguka kama chapati ya safu safu. Na ndani kuna mwandiko!"

Miaka ya thelathini misheni haikununua kadibodi. Fundi alichukua karatasi kuukuu, akazipaka gundi ya unga wa muhogo, akazibandika tano sita moja juu ya nyingine na kuzikandamiza kwa mawe mpaka zikawa ngumu kama ubao. Mzee Gordon alimwona baba yake akifanya hivyo mara nyingi. Karatasi kuukuu zilitoka wapi? Kwenye vitabu ambavyo misheni haikuvihitaji tena.

Benta alitenganisha safu za kwanza kwa mvuke wa sufuria. Namba 9. Namba 10. Majina ya wagonjwa, wanakotoka, maradhi yao. Ulikuwa ni mwandiko ule ule mdogo wa pembeni mwa daftari la ubatizo. Ubao wa mbele na wa nyuma wa daftari la nne ulimpa namba 1 hadi 30.

Kitabu cha zahanati hakikuliwa na mchwa wala hakikwenda Ulaya. Zakaria alikuwa amekikata vipande na kukigeuza majalada.

"Nikahesabu. Moja mpaka thelathini ziko hapa. Arobaini na saba iko wapi? Yawa! Nikakumbuka kapu la kuni!"

Alikimbia. Padri Muchiri, aliyekuwa anasali rozari uani, anasema hajawahi kumwona mtu mzima akipita kwa kasi hiyo bila kufukuzwa na ng'ombe. Jikoni alikuwapo Kageha, mpishi wa misheni, anachambua mboga.

"Aliingia analia na kucheka pamoja," anasimulia Kageha. "Nilidhani ameumwa na nyoka. Anasema mbao, mbao, mbao ziko wapi? Nikamwambia mama, mbili nimewashia chai ya Padri."

Benta akakaa chini sakafuni. Mbili kati ya sita zilikuwa majivu.

Lakini Kageha ni mwanamke asiyetupa kitu. Mbao mbili nyingine alikuwa amezifanya mifuniko ya mitungi ya maji. Na mbili za mwisho, ambazo zilikuwa kubwa na nzima zaidi, alikuwa ametandika kwenye sanduku la kuku anayeatamia.

Mifuniko ya mitungi ilichukua saa tatu kutenganishwa. Ilikuwa na namba 58 hadi 81. Zikabaki zile za chini ya kuku, na kuku mwenyewe alikuwa na siku kumi na tisa juu ya mayai kumi na mawili.

"Nilimwambia ngoja siku mbili tu yaanguliwe," anasema Kageha. "Kuku akishtuka anaacha mayai. Akaniambia, Kageha, mimi nimengoja miaka mia moja! Nikamwonea huruma. Nikamfunika kuku kwa aproni, nikamwinua pole pole huku namwimbia. Padri akashika mayai kwa kofia yake."

Benta anaonyesha alama nyekundu kwenye kifundo cha mkono. Kuku hakuridhika na wimbo.

Namba 47 ilikuwa kwenye safu ya tano ya ubao wa pili. Kona moja ilikuwa imeliwa, lakini maandishi yalibaki. Padri Muchiri aliyasoma kwa sauti, akiyatafsiri kutoka Kiingereza, na Benta, ambaye anasoma Kiingereza vizuri tu, anasema hakuweza kuona herufi kwa machozi.

Namba 47. Januari 1919. Mwanamke, Adoyo, mke wa Oguta wa Kotuoma, Karachuonyo, ng'ambo ya maji. Amefika kwa mtumbwi na mtoto wa kiume, Owaga, miezi minane hivi. Homa. Mume yuko vitani, mbeba mizigo. Mwanamke amefariki siku ya tatu. Mtoto ni mzima. Amebaki kwetu.

Pale jikoni watu watatu walikumbatiana. Kageha alipiga vigelegele mpaka wanafunzi wa shule ya jirani wakajaa dirishani. Kisha Benta akampigia baba yake simu, akamsomea polepole, maneno yote.

"Nilimfikiria baba yangu," anasema Mzee Gordon. "Alikishika kitabu kile kwa mikono yake akiwa na miaka kumi na mitano. Kiingereza hakukijua bado. Akakichukua, akakipaka gundi! Mama yake, baba yake, jina lake mwenyewe, vyote akavipaka gundi akavikandamiza na mawe. Halafu akaenda kumuuliza Padri!"

Anatikisa kichwa, kisha anacheka kicheko kirefu kinachomalizikia kwenye kikohozi. Safari hii ni kikohozi cha kweli.

Karatasi ilikuwa imepatikana. Lakini Mzee Gordon hakuomba karatasi. Aliomba uso wa mtu, na jicho lake moja lilikuwa halingoji.

Hapa ndipo Milka wa mapazia anapodai sehemu yake ya sifa, na ni haki yake. Benta alirudi Kibuye, akalitaja jina la Kotuoma mara moja tu, nusu akijisemea.

"Nikamwambia, Kotuoma? Kotuoma ya Karachuonyo? Si shemeji yangu ameoa huko!" anasema Milka, akipiga meza. "Miaka sita anaenda Nairobi, na mimi nimekaa naye hapa mita mbili!"

Shemeji wa Milka aliuliza. Jibu likarudi kwamba boma la Oguta bado lipo, lina wajukuu na vitukuu, na mwenye boma sasa ni fundi wa mawe wa miaka sitini na moja. Aliambiwa tu kwamba kuna watu wa Kisumu wanakuja na karatasi za zamani. Hakuambiwa zaidi, na hilo nusura liharibu kila kitu.

Juzi Jumamosi, Benta na baba yake walifika Kotuoma kabla ya saa sita mchana. Mwandishi aliandamana nao. Mzee Gordon alikuwa amevaa koti alilofungia ndoa, na Benta alibeba mkate, sukari, na ile karatasi ndani ya bahasha ya plastiki. Hodi zao ziliitikiwa na wanaume saba waliokaa kwa safu kwenye viti vya mbao, nyuso zimekunjwa. Hakuna aliyetabasamu, na hakuna aliyetaja jina lake.

"Mmekuja na karatasi," alisema mwenye boma, mtu mrefu mwenye vumbi la mawe kwenye nyusi. "Semeni basi. Mnataka ekari ngapi?"

Kumbe! Katika nchi hii, mgeni akija na karatasi za enzi za mkoloni, watu wanajua ni kesi ya shamba. Wale wanaume walikuwa wamekesha wakipanga majibu.

"Sitaki hata futi moja," alisema Mzee Gordon. "Mimi nina macho mabovu. Nimekuja kuona mtu. Benta, wasomee."

Benta akasoma. Alipolitaja jina la Adoyo, mama mmoja aliyekuwa mlangoni aliacha kupepeta mahindi. Alipofika kwenye mtumbwi, wanaume wawili walitazamana. Alipofika mahali pa mtoto wa kiume, Owaga, vichwa vyote saba viligeuka kumtazama mwenye boma.

Mwenye boma alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Owaga ni mimi," alisema.

Maelezo yalikuja kwa vipande, watu wakikatizana. Oguta alirudi kutoka vitani mwaka ule ule wa 1919. Akaambiwa mke wake alivuka maji kumtafutia mtoto dawa, na mtumbwi haukurudi. Homa ilikuwa inaua nyumba hadi nyumba, hakuna aliyekuwa na nguvu za kwenda kuuliza. Wakasema ziwa limewachukua. Oguta akaoa tena, akapata watoto, lakini akaacha agizo: kila kizazi katika boma hili lazima awepo Owaga, ili mtoto yule asisahaulike. Fundi huyu wa mawe ndiye Owaga wa tatu. Kuna wa nne, yuko darasa la pili.

Mzee Gordon aliomba asogezwe. Benta akamshika mkono mpaka akafika karibu kabisa na yule mtu, na mzee akamtazama kwa lile jicho moja, kwanza paji la uso, kisha pua, kisha kidevu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Alichukua muda. Hakuna aliyemharakisha.

Benta anakiri kwamba yeye alikuwa anaangalia mkono. "Nilitaka awe wa kushoto! Nikamwona anachukua kikombe kwa mkono wa kulia kama watu wengine. Nilivunjika moyo kidogo," anasema, akicheka.

Kwa hesabu ya damu, Gordon na Owaga ni watoto wa ndugu wawili. Lakini aliyepewa jina la mtu huheshimiwa kama mtu huyo. Mzee wa miaka 81 alimshika mabega fundi wa miaka 61, akamwita kwa namna ambayo hakuwahi kumwita mtu tangu baba yake afariki mwaka 1991.

"Baba," alisema.

Fundi wa mawe alitazama huku na huku. Kisha akajibu kama ilivyopasa.

"Mwanangu. Mbona umechelewa hivi?"

Yaliyofuata yalikuwa kelele tu. Wanaume waliokunja nyuso walikuwa wanalia wazi wazi. Kuku wawili walichinjwa kabla wageni hawajapewa maji.

Baada ya chakula, Owaga aliwapeleka nyuma ya boma, kwenye ua wa zamani, mahali palipokuwa na nyumba ya Adoyo. Pana mirundo miwili ya mawe, mmoja mkubwa na mmoja mdogo. Kwa desturi yao, mtu aliyepotea bila mwili kuonekana huzikwa kwa tunda la yago badala ya mwili, lile refu na zito linaloning'inia mtini kwa kamba yake. Oguta alizika mawili, kubwa la mke wake na dogo la mwanawe.

"Hapa ndipo alipozikwa mtoto Owaga," alisema mwenye boma kwa upole.

Mzee Gordon aliinama, akapapasa mawe ya ule mrundo mdogo. Watu walidhani analia. Alipoinua uso, alikuwa anacheka mpaka meno yote manne yanaonekana.

"Baba yangu alioa, akazaa watoto watano, akajalidi nusu ya vitabu vya Nyanza, na muda wote huo ana kaburi hapa! Wuod Padri alikuwa amezikwa kwao kabla hajaota meno!"

Boma zima likaangua kicheko, na Owaga ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa zaidi.

Sasa kuna mipango. Wazee wa Kotuoma wamesema kaburi la mtoto lisifukuliwe, ila udongo kidogo uchukuliwe kaburini kwa Zakaria huko Nyakongo, uletwe umwagwe pale, karibu na mama yake. Kwa Adoyo mwenyewe kuna kazi zaidi. Alizikwa na misheni, bila alama, na Padri Muchiri ameahidi kutafuta mahali wagonjwa wa zahanati walipokuwa wakizikwa.

Benta naye ana lake. Kitabu cha zahanati kilikuwa na watu wasiopungua themanini na mmoja, na wengine waliacha watoto. Ameshafika kwa misheni mbili nyingine za ufuoni kuomba madaftari yao ya zamani, na sasa hatupi jalada lolote kabla ya kulifungua kwa mvuke.

"Kuna watu huko nje wanakohoa wakiulizwa kwao ni wapi," anasema. "Majibu yao yako ndani ya majalada, na mengine yako chini ya kuku."

Inakaribia saa tano. Biblia zimebaki tano. Simu inalia chini ya leso, na Benta, mwenye gundi vidoleni, anaibonyeza kwa kiwiko ili sauti isikike kwa wote. Ni baba yake, anaongea kwa haraka kama kijana.

"Benta? Weka hiyo sindano chini. Nimeongea na Baba asubuhi hii. Anasema udongo tuupeleke Jumamosi hii, na tulale huko. Amesema nisichelewe tena."